Kung'arisha bila Kupunguza: Alumini ya Injini ya Jaguar XK

Injini ya Jaguar XK, iliyodhihirishwa kwa umma katika maonyesho ya magari ya Earls Court, London, mwezi wa Oktoba 1948 ikiwa ndani ya gari la XK120, ilikuwa na ukubwa wa sentimita za ujazo 3,442 na nguvu za farasi 160. Lakini lililoipambanua na nyingi za zama zake, hata machoni pa mtu asiyejua pistoni wala vali, ni vile vifuniko viwili virefu vya alumini iliyong'arishwa, vilivyolazwa sambamba juu ya kamishafti zake mbili na kukazwa kwa nati za kuba zenye kromu. William Lyons, mwenye kampuni, alishikilia kuwa injini yake sharti ipendeze kutazamwa; na wahandisi wake, William Heynes, Walter Hassan na Claude Baily, waliokuwa wakiijadili naye katika zamu za usiku za kulinda kiwanda cha Coventry na moto wa mabomu wakati wa vita, walimtimizia haja yake.

Leo fundi anayefufua gari la namna hiyo huvikuta vifuniko hivyo vimefifia, vina madoa meupe ya chumvi na mafuta yaliyoungulia pembeni, na tamaa yake ya kwanza ni kuvirudishia nuru kwa haraka. Hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Hapana budi kwanza ajue kiwanda kiling'arisha nini na kiliacha nini, kwa kuwa kichwa cha silinda, ambacho nacho kimesubiwa kwa alumini, hakikung'arishwa kamwe: ama kiliachwa na ngozi yake kama ilivyotoka katika kalibu, ama kilitiwa rangi, kama kile cha aina ya C kilichotiwa nyekundu. Nimeona vichwa vilivyosuguliwa hata vikawa kama kioo cha kujitazamia, na wenyewe wakavisifu. Kwa maoni yangu hiyo ni kazi kubwa ya kuondoa ushahidi.

Kabla ya kusafisha kuna kufungua, na kwa injini hii kufungua ni mtihani. Stadi za chuma zinazokishika kichwa hupita mahali panapofikiwa na maji ya kupoza, na metali mbili zisizofanana zikikutana ndani ya maji, ile dhaifu huliwa. Alumini hugeuka unga mweupe unaojaa kuizunguka stadi na kuikaba, hata kichwa kisinyanyuke ijapokuwa nati zote zimekwisha kutolewa. Dawa yake ni mafuta ya kupenya, joto la kiasi, na subira ya siku nyingi. Anayeingiza tindo baina ya kichwa na bloku huacha kovu katika uso unaopaswa kulala sawasawa juu ya gasketi.

Katika kusafisha, adui mkubwa ni koshtiki soda, ambayo mafundi wamezoea kuchemshia vyuma vyenye grisi na masizi. Chuma huistahimili, alumini haiwezi. Metali hii hujikinga kwa utandu mwembamba mno wa oksidi, usioonekana kwa jicho, na koshtiki huuyeyusha utandu huo kisha ikaila metali yenyewe huku ikitoa povu la haidrojeni, na kuacha nyuma weusi wa shaba na madini mengine yaliyochanganywa humo. Mpishi aliyewahi kutia magadi katika sufuria ya alumini na kuiona imesawijika ndani ameyaona mambo hayo hayo kwa kipimo kidogo. Basi grisi na itolewe kwa mafuta ya taa na brashi laini, kisha kwa sabuni isiyo kali na maji ya moto.

Kwa vipande visivyong'arishwa, njia iliyo bora ni kupuliziwa shanga ndogo za kioo pamoja na maji, kwani maji hupunguza ukali wa pigo, na uso hutoka na mng'ao mpole unaokaribiana na ule wa kalibu. Mchanga mkavu huchimba na haufai. Hata shanga zenyewe zina hatari yake: punje moja iliyojificha katika njia ya mafuta yatosha kuharibu beringi, kwa hiyo matundu yote huzibwa kabla, na huoshwa tena na tena baada.

Vifuniko ndivyo vinavyostahili msasa. Huanzwa kwa namba 240 iliyoloweshwa mafuta ya taa ili unga wa alumini usiuzibe, kisha 400, 600 na 1,000, kila msasa ukikatiza njia ya uliotangulia mpaka mikwaruzo ya kwanza itoweke yote. Anayeruka daraja moja atayaona makosa yake yakimeta chini ya nuru. Ndipo lifuatapo gurudumu la mkonge lenye dawa ya kukata, kisha lile la pamba lenye dawa laini. (Mkonge huo, yamkini kwa magurudumu ya zama zile, ulitoka Tanganyika, iliyokuwa ikiongoza dunia kwa zao hilo.) Gurudumu lisikae mahali pamoja, kwa sababu alumini hupata moto upesi na dawa ikaganda juu yake, wala lisielekezwe kwenye kingo na matundu ya nati, ambayo huviringika kabla uso haujang'aa. Uso wa chini, unaokutana na gasketi, usiguswe kabisa, bali ujaribiwe juu ya kipande cha kioo bapa, maana kifuniko kilichopinda huvujisha mafuta hata kikipendeza namna gani.

Wengi humalizia kwa vanishi. Mimi siipendi: joto huigeuza manjano, na unyevu ukipata ufa mmoja hutambaa chini yake na kuacha nyuzi nyeupe zisizofikika mpaka vanishi yote itolewe. Nta iliyopakwa na kurudiwa mara kwa mara ina taabu, lakini hurekebishika. Kiwanda chenyewe kiliichoka kazi hii ya kung'arisha, au walau kiliiacha, kwani kabla muongo wa 1960 haujaisha vifuniko vya gari la E-Type vilikuwa na matuta na rangi nyeusi baina yake. Na mwenye gari la miaka hiyo akivikuta hivyo, asivisugue.