Fani ya Kushindwa: Kanuni kama Maudhui katika Space Invaders, Pac-Man na Missile Command

Ikisiri
Makala hii inahakiki michezo mitatu ya video iliyobuniwa kwa ajili ya mashine za sarafu: Space Invaders (1978), Pac-Man (1980) na Missile Command (1980). Inadai kuwa maana ya michezo hiyo haimo katika picha zake, bali katika kanuni zinazomwelekeza mchezaji kwenye kushindwa. Kwa msingi huo, inapendekeza kuwa asasi zinazohifadhi michezo ya aina hii zihifadhi mwenendo wake, si sura yake pekee.

1.0 Utangulizi
Michezo ya mashine za sarafu hutazamwa kwa njia kuu mbili. Ya kwanza huiona kama bidhaa: mchezaji hutia sarafu, hucheza kwa dakika chache, hushindwa, kisha hutia nyingine. Ya pili huiona kama picha: mvamizi kutoka angani, mdomo wa manjano, kombora. Kila njia ina ukweli wake, lakini hakuna inayoeleza kwa nini michache kati ya michezo hiyo ingali inapendwa baada ya zaidi ya miaka 40, ilhali mingi iliyodai sarafu ileile imesahaulika. Ikiwa mchezo ni kazi ya sanaa, basi kanuni ndizo fani yake, na maudhui yake hayana budi kutafutwa humo.

2.0 Space Invaders: Ushindi Unaozaa Hatari
Mchezo huu ulibuniwa na Tomohiro Nishikado katika kampuni ya Taito, Japani. Wavamizi 55, katika safu 5 za wavamizi 11, hushuka hatua kwa hatua kuelekea mzinga wa mchezaji. Kadiri wanavyopungua, ndivyo wanavyokwenda mbio. Kasi hiyo ilitokana na udhaifu wa mashine: prosesa ya wakati huo haikuweza kuwasogeza wavamizi wengi kwa haraka, na mzigo ulipopungua waliosalia waliharakisha. Nishikado aliona tukio hilo na kuliacha libaki.

Kilichozaliwa hapo ni kinaya. Kila mvamizi anayeangushwa humfanya aliyebaki kuwa hatari zaidi. Mlio wa noti nne unaojirudia huongeza kasi sambamba na mwendo wa kundi, na ngao nne za mchezaji humegwa na risasi za adui na zake mwenyewe. Akiwamaliza wote, kundi jipya hutokea. Mchezo hauna ushindi; una kuchelewesha tu.

3.0 Pac-Man: Usawiri Bila Maneno
Toru Iwatani wa kampuni ya Namco alikusudia mchezo usio wa vita, utakaowavutia pia wanawake, akachagua tendo la kula. Mchezaji humaliza vidonge 240 vidogo na 4 vikubwa huku akiwindwa na vizuka vinne. Vizuka hivyo vina umbo moja, lakini havina tabia moja. Chekundu humfuata mchezaji moja kwa moja. Cha waridi hulenga mbele yake ili kumkata njia. Cha samawati hukadiria lengo lake kwa kutumia mahali alipo mchezaji na mahali kilipo kile chekundu. Cha machungwa humwendea, lakini kikimkaribia hugeuka na kujitenga. Wahusika hawa wamesawiriwa kwa matendo pekee, na anayecheza kwa muda mrefu huwatambua bila kuelezwa.

Mchezo huu nao hauna mwisho uliotungwa. Katika hatua ya 256, hesabu ya hatua huvuka kiwango cha baiti moja na nusu ya skrini hujaa alama zisizosomeka. Hapa uhakiki unahitaji tahadhari. Nishikado aliikubali kasoro ya mashine yake kwa kujua. Hii ya Pac-Man ni hitilafu ya programu, na kuifanya dhamira ya mbunifu ni kuipa kazi sifa isiyo yake.

4.0 Missile Command: Kushindwa kama Hoja
Dave Theurer aliutengeneza mchezo huu katika kampuni ya Atari, Marekani, wakati wa Vita Baridi. Mchezaji ana miji sita na vituo vitatu vya makombora ya kujihami. Hawezi kulipiza kisasi. Anaweza kulinda tu. Kwa kuwa makombora yake yana idadi, hufika wakati analazimika kuchagua mji upi auache uteketee. Theurer amesimulia kuwa katika kipindi cha kazi hiyo aliota ndoto za mashambulizi ya nyuklia. Miji yote ikiangamia, mlipuko hujaza skrini na kutangaza mwisho, bila kusema kuwa ni mwisho wa mchezo tu.

Hata hivyo, alama za kutosha humpa mchezaji mji wa ziada. Kanuni hiyo inapunguza uzito wa hoja, kwani maangamizi yanageuka hesabu inayoweza kulipwa. Masharti ya biashara na dhamira ya kazi yanavutana waziwazi katika kanuni hiyo moja.

5.0 Athari kwa Sera za Uhifadhi
Jumba la makumbusho la MoMA, New York, liliingiza Pac-Man katika mkusanyiko wake mwaka 2012, na Space Invaders mwaka 2013. Swali ni nini hasa huhifadhiwa. Programu inayoiga Space Invaders kwenye kompyuta ya leo bila kuzingatia muda wa mashine ya awali itaonyesha wavamizi walewale, lakini kinaya kitakuwa kimetoweka. Wataalamu wa Kiswahili wanalifahamu tatizo hili kupitia bao: ubao wenye mashimo 32 na kete 64 ukiwekwa kabatini hauwezi kumfundisha mtazamaji kunamua wala kutakata.

6.0 Hitimisho
Sera ya kuhifadhi michezo ya kidijitali ihitaji mambo matatu pamoja na picha na kifaa: programu yenyewe, vipimo vya muda wa mashine iliyoiendesha, na kumbukumbu za wachezaji wakicheza. Bila hayo, kizazi kijacho kitarithi mapambo ya michezo hii na kukosa kile kilichowafanya watu waipende: namna yake ya kushindwa.