Wavu, Gobore na Waya: Msako wa Nguruwe Pori Ulivyopoteza Watu

Kilio cha nguruwe pori, kuanzia miteremko ya Umatengo hadi mashamba ya muhogo yaliyo jirani na Mbamba Bay, huambatana na ombi la bunduki. Ndani ya ombi hilo mna dhana kwamba mkulima ameshindwa na mnyama kwa sababu silaha yake ni duni. Ukizifuatilia zana za uwindaji zilizopita kusini mwa Tanzania, utaona mambo yalikwenda kinyume. Kila zana mpya ilimwongezea mtu mmoja uwezo na kupunguza haja ya kuitana, ilhali nguruwe pori hajawahi kuwa mnyama wa kushindwa na mtu mmoja.

Tuanze na tabia za mnyama mwenyewe. Nguruwe pori hutembea kwa kundi, hula usiku, na mchana hujilaza kwenye kichaka kizito. Jike huzaa watoto watatu au wanne kwa mkupuo, kwa hiyo kuua mmoja leo hakulipunguzi kundi la mwakani. Msako wa wavu ulisukwa kufuata tabia hizo. Nyavu za kamba nene zilitundikwa kwenye vijiti upande mmoja wa kichaka. Upande wa pili watu walijipanga mstari, wakapiga kelele na kuachia mbwa waliovishwa njuga, ili waliojibanza nyuma ya wavu wasikie kundi linakimbilia wapi. Mnyama akinasa, mkuki ulimaliza kazi kwa umbali wa hatua mbili. Ubora wa mbinu hii ulikuwa katika saa: mwizi wa usiku alifuatwa mchana, akiwa amelala, na kundi zima likaguswa kwa siku moja. Mvuvi wa mwambao wa Nyasa ataitambua mara moja, kwa kuwa ni kokoro la nchi kavu, na kokoro bila wavutaji ni kamba tu.

Mbinu ya namna hiyo hufa watu wanapopungua au wanapozuiwa kukusanyika, na yote mawili yalitokea. Amri ya Gavana Hermann von Wissmann ya 1896 iliufanya uwindaji kuwa jambo la leseni. Vita vya Majimaji, vya 1905 hadi 1907, viliua wanaume wengi wa kusini, vikafuatwa na njaa, na mashamba yaliyoachwa yakarudi kuwa pori. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, katika makala yake ya 1997 kuhusu Uzaramo, anaihusisha njaa iliyotangulia vita hivyo na nguruwe pori walioingia mashambani huku wanaume wakiwa mbali kwenye kazi za vibarua. Uzaramo si Umatengo, lakini hoja inasafiri vizuri: nguruwe walishamiri pale mikono ilipopungua.

Gobore halikuliziba pengo hilo. Mwindaji humimina baruti mtutuni, hushindilia kwa mdeki, hutia vipande vya chuma, hushindilia tena, kisha huweka fataki. Akishafyatua, kundi limekwisha tawanyika kabla hajaanza kujaza upya. Mtutu wake hauna mifuo ndani, kwa hiyo shabaha hupotea haraka kadiri umbali unavyoongezeka, na gizani hali ni mbaya zaidi. Bunduki ya marisau hujazwa upesi, lakini nayo huua mmoja au wawili na kuwafundisha waliobaki kuhama kichaka. Baada yake ukaja mtego wa waya, kwa mfano waya wa breki ya baiskeli. Ni rahisi, hufanya kazi usiku na hauhitaji mwenzi. Lakini waya hauchagui: hunasa paa, mbwa na nguruwe sawasawa, na mwenye mtego asiporudi, mnyama huoza kitanzini.

Makazi nayo yalibadilika. Wamatengo, walipobanwa na mashambulizi ya Wangoni katika karne ya 19, walisongamana milimani, wakalima ngoro, yaani mashimo yaliyozungushiwa matuta, kwenye miteremko iliyofyekwa, kila ukoo katika ntambo yake, yaani kipande chake cha mlima kati ya vijito. Penye mashamba yaliyogusana na watu wengi, kichaka cha kumficha nguruwe kilikuwa kichache. Baadaye familia nyingi zilihamia misitu ya miombo upande wa mashariki kutafuta ardhi. Huko kila shamba lina ukingo mrefu wa pori na majirani wachache wa kuulinda.

Yupo atakayesema kuwa msako wa wavu uliua ovyo, na kwamba Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 ilikuwa na sababu ya kukataza nyavu, mbwa na mashimo bila kibali. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa vijiji vinavyopakana na Pori la Akiba Liparamba. Lakini wavu husimamiwa na macho ya watu. Paa akinasa anaweza kuachiwa, jambo ambalo waya hauwezi. Mwingine atasema vijana wako shuleni na wazazi wako kwenye kahawa, nani atakusanyika? Jibu ni kwamba wanakesha tayari, kila mmoja peke yake kibandani, usiku baada ya usiku hadi mavuno. Siku chache za msako wa pamoja kabla mahindi hayajakomaa zingechukua nguvu ndogo kuliko mikesha hiyo.

Sheria imeacha mlango wa kibali. Halmashauri za Mbinga na Nyasa, pamoja na maofisa wanyamapori, wautumie: misako ya mchana, kando ya mashamba tu, kwa siku zilizotangazwa, chini ya msimamizi anayewajibika. Na wanavijiji wanaoomba bunduki moja kwa kijiji kizima waombe kwanza kibali cha kukusanyika. Nguruwe huja kwa kundi, na mkulima naye hana budi kumfuata kwa kundi.