Mkono Unaochagua Grafu

Grafu ya pau ilizaliwa kutokana na upungufu. Mwaka 1786 Mskoti William Playfair alichapisha jijini London kitabu kuhusu biashara ya Uingereza na nchi nyingine, kikiwa kimejaa grafu za mistari: miaka inakwenda kulia, fedha zinapanda na kushuka. Alipofika kwenye biashara ya Uskoti akakwama. Takwimu alizokuwa nazo zilikuwa za mwaka mmoja tu, kati ya 1780 na 1781, na mwaka mmoja hautoi mstari. Angeweza kuziacha. Badala yake aliwapanga washirika 17 wa biashara, mmoja chini ya mwingine, kuanzia visiwa vidogo hadi Urusi na Ayalandi, akampa kila mmoja pau mbili: moja ya bidhaa zilizoingia, nyingine ya zilizotoka. Mwenyewe aliiona kazi hiyo kuwa duni kuliko grafu nyingine za kitabu kile, kwa kuwa haikubeba mwendo wa wakati. Leo pau zile zimeenea dunia nzima.

Ninachompendea Playfair ni kwamba hakuilazimisha data iseme isichokijua. Huo ndio ufundi ninaousifu hapa. Kuchora kwenyewe siku hizi kunafanywa na kompyuta kwa kubofya mara moja, lakini kompyuta haijui kama namba ulizoipa ni majina ya mikoa, madaraja ya ufaulu, idadi ya mifugo au uzito wa watoto. Itakuchorea chochote utakachoiamuru. Ukiunganisha Tabora na Tanga kwa mstari, itakubali, na msomaji atadhani kati ya mikoa hiyo kuna kitu kinachopanda polepole. Hakuna. Ndiyo maana pau za mikoa huachiwa nafasi kati yake, na ndiyo maana unaweza kuzipanga upya kuanzia ndefu hadi fupi bila kumdanganya mtu. Jaribu kufanya hivyo kwa madaraja ya mtihani, la kwanza hadi la nne na sifuri, na utakuwa umevunja mpangilio uliomo ndani ya data yenyewe.

Mstari una haki yake pale ambapo kati ya nukta na nukta kuna maisha. Mfano bora ninaoujua umo kwenye kadi ya kliniki ya mtoto. Miezi inakwenda kulia, kilo zinapanda juu, na kila mtoto anaposhushwa kwenye mzani muuguzi anaweka nukta na kuiunganisha na ya mwezi uliopita. Mtoto alikuwepo siku zote zile ambazo hakupimwa, akinyonya, akiugua, akipona, kwa hiyo mstari unasema kweli. Mama asiyejali hisabati hata kidogo anauona mstari uliolala na anauliza kabla hajaambiwa. Orodha ya namba, 7.2, 7.4, 7.4, 7.3, ingemtaka akae na kufikiri. Na mwezi ambao hakufika kliniki haurukwi; nafasi yake inabaki pale pale kwenye mhimili, kwa sababu wakati umepita hata kama hakuna aliyepima. Nyuma ya mstari wa mtoto kuna mistari ya kupinda iliyochapwa tayari. Ile ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa mwaka 2006, ilitokana na watoto wapatao 8,500 wa Brazili, Ghana, India, Norwei, Oman na Marekani. Mtoto wa Muheza, Tanzania, analinganishwa nao kila mwezi, kwenye karatasi inayokunjwa na kutiwa mfukoni.

Sasa twende kwenye jambo ambalo watu wengi waliosoma hulikosea. Alama za mtihani wa kidato cha nne Tanzania zimegawanywa hivi: A ni 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na F ni 0 hadi 29. Tazama upana wa makundi hayo. B ina alama 10 tu ndani yake, C ina 20. Tuchukue darasa la kubuni ambalo wanafunzi 20 wamepata B na wengine 20 wamepata C. Kwenye grafu ya pau za madaraja, pau hizo mbili zitalingana, na ni sawa, kwa sababu B na C hapo ni majina yaliyopangwa kwa ngazi. Lakini mwalimu anayetaka kujua wanafunzi wamejazana wapi kwenye kipimo cha 0 hadi 100 anahitaji histogramu. Humo pau zinagusana, kwa kuwa alama ya 64 na ya 65 ni majirani, na kinachohesabika ni eneo la pau, si urefu wake. Wanafunzi 20 kwa alama 10 ni wawili kwa kila alama. Wanafunzi 20 kwa alama 20 ni mmoja. Pau ya B inasimama mara mbili ya pau ya C. Data ni ile ile, swali limebadilika, na picha lazima ibadilike nalo.

Kuhusu grafu ya duara nitasema machache. Playfair huyo huyo aliichapisha mwaka 1801, akionyesha milki ya Waturuki ilivyogawanyika kati ya Asia, Ulaya na Afrika. Sehemu tatu za kitu kimoja kizima: hapo inapendeza. Ikifika vipande vinane, jicho haliwezi tena kujua kipi kikubwa, na mchoraji anaanza kuandika asilimia juu ya kila kipande. Akifika huko, jedwali lingemfaa zaidi.

Na jedwali la marudio halipewi heshima linayostahili. Vijiti vinne na cha tano kinachovikata, safu ya makundi, safu ya idadi, jumla chini: hapo ndipo uamuzi mzito wa jinsi ya kugawa makundi unapofanyika, kabla grafu haijawaziwa. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na umri wa kila mmoja uliulizwa. Wapo wasioujua mwaka wao wa kuzaliwa, hasa wazee, na karani hukadiria kwa matukio: alikuwa amezaliwa wakati wa Uhuru? Vita vya Kagera vilimkuta na watoto? Makadirio huangukia kwenye namba zinazotamkika kwa urahisi. Ndiyo maana, katika sensa za nchi nyingi za kwetu, umri ukipangwa mwaka mmoja mmoja, picha huota meno: 30 inachomoza, 31 inazama, 40 inachomoza, 41 inazama. Ukikusanya miaka mitano mitano, meno yanapungua sana na umbo la taifa linaonekana, pana chini kwa watoto, likichongoka kuelekea juu.

Jedwali lipi ni sahihi? Anayekagua ubora wa sensa anataka meno yale, kwa kuwa ndiyo yanayomwonyesha mahali watu walipokadiria. Anayepanga madawati ya darasa la kwanza anataka watoto wa miaka sita peke yao, na kundi la miaka mitano hadi tisa halimsaidii. Anayelinganisha vizazi vya sensa hii na iliyopita anataka makundi mapana. Mtakwimu mzuri huwauliza wote watatu wanachotafuta kabla hajapiga mstari wa kwanza wa jedwali, kisha anauhifadhi umri wa mwaka mmoja mmoja kama ulivyoandikwa na makarani, kwa sababu makundi yaliyokwisha kuunganishwa hayawezi kutenganishwa tena.