Kimya cha Kisiwa: Mgeni na Mwenyeji katika Maandishi ya Karibi

Katika maandishi ya safari kuna habari moja isiyochoka kurudiwa, nayo ni ile ya mtu aliyekwenda kupumzika katika kisiwa kidogo cha Bahari ya Karibi. Msomaji huijua kabla hajaimaliza. Mwandishi hushuka katika uwanja wa ndege, hupokewa na jua na upepo, husifu mchanga mweupe na maji ya buluu, hula samaki, hulala mchana, na siku ya kuondoka husikitika. Sifa anayoikuza kuliko zote ni utulivu wa mahali. Sifa hiyo si uwongo, walakini aghalabu haichunguzwi: utulivu huo ni wa nani, na umepatikanaje? Nataka kulipima swali hili kwa maandishi mawili ya wenyeji wa visiwa hivyo: A Small Place, kitabu cha Jamaica Kincaid kilichotolewa mwaka 1988, na hotuba ya Derek Walcott ya mwaka 1992, The Antilles, aliyoitoa alipopewa Tuzo ya Nobel ya fasihi.

Kincaid alizaliwa mwaka 1949 katika St. John's, mji mkuu wa Antigua. Kisiwa hicho hakizidi sana kilomita za mraba 280. Waingereza walikikalia tangu mwaka 1632, na kabla ya karne ile kwisha mashamba ya miwa yalikuwa yameenea, na Waafrika wameletwa kwa nguvu kuyalima. Utumwa ulikomeshwa mwaka 1834, na uhuru wa nchi ukaja mwaka 1981. Sukari ilipoanguka, riziki ya kisiwa ikaegemea watalii. Kwa hiyo mahali anapopumzika mgeni palikuwa, kwa muda wa karne nzima na zaidi, mahali pa kazi isiyokuwa na pumziko. Habari za likizo hazina nafasi ya kumbukumbu hii. Kitabu cha Kincaid hakina jambo jingine.

Kitabu ni chembamba na kina sehemu nne. Ya kwanza inamfuata mtalii tangu anaposhuka katika ndege. Ni mzungu wa Ulaya au Amerika Kaskazini. Mabegi yake hayapekuliwi, ilhali mwenyeji mweusi anayerudi kutoka ng'ambo na maboksi ya nguo na vyakula vya jamaa zake hapiti kwa wepesi huo. Mtalii hufurahi kuwa mvua haimharibii siku zake. Hafikiri kuwa watu wa hapa huishi na ukame, na kila tone la maji safi kwao lina hesabu. Huitazama bahari kutoka dirishani akitamani kuogelea. Hafikiri maji machafu ya hoteli yanakokwenda. Hula chakula akidhani kimetoka katika udongo wa kisiwa, kumbe sehemu kubwa imeletwa kwa ndege kutoka Miami. Katika mifano hii Kincaid hana mpinzani. Hakuna tusi ndani yake. Kuna jua moja linalotazamwa na watu wawili, mmoja akiliita baraka na mwingine akiliita kiu. Mfano wa namna hii hauhitaji ushahidi wa pili.

Silaha yake kubwa, hata hivyo, ni kiwakilishi cha nafsi ya pili. Hasemi habari za mtalii fulani. Humsemesha msomaji mwenyewe. Hapa msomaji wa Kiswahili anaona jambo ambalo msomaji wa Kiingereza huweza kulipita. Kiingereza kina neno moja kwa mtu mmoja na kwa watu wengi. Kiswahili kinamlazimisha mfasiri kuchagua: wewe au ninyi? Akisema ninyi, lawama hugawanywa, na kila mmoja hujichukulia kipande chepesi. Akisema wewe, lawama humkaa mtu mmoja kifuani. Katika sehemu ya kwanza sina shaka kuwa wewe ndilo neno, maana mtu yule ana teksi yake, chumba chake na dirisha lake. Lakini katika sehemu ya pili, mwandishi anapokumbuka utawala wa Waingereza, barabara zilizopewa majina ya maamiri wa vita, na klabu ya matajiri wa kigeni iliyokuwa haiwataki weusi ila wawe watumishi, anayesemeshwa si mtalii tena. Ni taifa lililotawala. Hapo ninyi ndilo linalofaa.

Mabadiliko haya katika Kiingereza hayana mshono unaoonekana. Mtalii wa juzi anageuka kuwa bwana wa watumwa bila ya neno kubadilika. Je, hoja imethibitishwa, au sarufi ndiyo iliyoibeba? Nionavyo mimi, uhusiano wa mtalii na bwana wa shamba ni wa kweli pale unapoonyeshwa kwa vitendo, kama katika maji na chakula. Pale unapotegemea kiwakilishi peke yake, ni dhaifu. Tafsiri ya Kiswahili ingeufichua udhaifu huo, na si hasara kwa kitabu, kwa kuwa sehemu zake zenye nguvu zingesimama bado.

Haki inatutaka tuseme pia kuwa Kincaid hawaachi watu wake. Maktaba ya St. John's iliharibiwa na tetemeko la ardhi mwaka 1974. Alipoandika, miaka zaidi ya kumi baadaye, jengo lilikuwa bado halijatengenezwa, na vitabu vimehifadhiwa juu ya duka. Yeye, aliyependa vitabu hata akaviiba utotoni, anawauliza watawala weusi wa nchi huru walichokithamini kuliko kusoma. Hasira hii inaeleweka. Lakini inapowageukia watu wa kawaida, inawafanya kuwa wasiojua wakati wala maana ya mambo yanayowapata. Mtalii hakuwasikia kwa sababu ya raha. Mwandishi karibu asiwasikie kwa sababu ya uchungu.

Hapa hotuba ya Walcott inafaa kuwekwa kando ya kitabu. Walcott, mzaliwa wa St. Lucia, anaanza katika kijiji cha Felicity, Trinidad, ambako wazao wa Wahindi walioletwa kwa mikataba ya kazi baada ya utumwa wanacheza hadithi ya Rama uwanjani. Anakiri kuwa alikwenda akitafuta mabaki ya kitu kilichopotea, akakuta watu wenye imani na furaha yao kamili. Halafu anakataa mambo mawili kwa pamoja: picha za matangazo zinazouza visiwa kama bustani za raha, na huzuni ya wasafiri wasomi wanaoona huko uhaba na uchakavu tu. Wote wawili wamepita bila kukaa. Kwake, upendo hutaka kutulia mahali, na safari ni mwendo.

Simweki Walcott juu ya Kincaid. Mtu akisoma hotuba peke yake anaweza kusahau kuwa hoteli zinajengwa na maji yanakwisha. Naye Walcott ana pumzi ya sifa ambayo mwenye kiu huenda asiistahimili. Lakini anatuonyesha kuwa kisiwa hakikuwa kimya kamwe. Palikuwa na ngoma, sala na maneno. Aliyekiita kimya hakuwa amesikiliza.

Lugha yetu ina msemo, mgeni njoo mwenyeji apone. Kwa hiyo mgeni hapimwi kwa raha aliyoipata, hupimwa kwa uponyaji aliouleta. Habari za likizo zimekigeuza kipimo hiki: mwenyeji ndiye anayetakiwa kumponya mgeni, kwa jua lake, bahari yake na kimya chake, kisha asionekane. Mhakiki apewapo kitabu cha safari ya kisiwani na aulize kwanza nani anasema ndani yake zaidi ya mwandishi. Ikiwa hakuna, basi mwandishi ametusimulia habari za usingizi wake, na kisiwa chenyewe kingali kinangoja kuandikwa.