Lahaja ya Pwani katika Tamthilia ya "Sultana"

Msomaji, mimi ni mtazamaji tu wa Mji wa Kale, Mombasa. "Sultana" ilipoanza kuonyeshwa Citizen mwaka 2022, niliifuata kwa ajili ya lugha. Msuko wenyewe umejaa sadfa, na upofu wa mhusika mkuu umetumiwa mno kututoa machozi. Hata hivyo, wahusika wanasema Kiswahili cha Pwani bila kuomba radhi. Tulisikia sauti za majirani zetu.

Je, mwalimu, mtahiniwa wa Kibokoni akiandika insha ya mazungumzo, bibi mzee akasema "ndoo hapa, mwanangu", utamkata alama? "Njoo" ingemgeuza bibi huyo kuwa mtangazaji wa habari. Nawe mtahiniwa, "ndoo" hiyo usiipeleke kwenye maelezo ya jukwaa. Huko andika sanifu.