Njama ya Waswahili na Nzama ya Wakamba

Kula njama ni kupatana kwa siri kutenda uovu. Kitenzi *kula* hapa ni kile cha kula kiapo na kula yamini: walao njama hufungana. Lakini huko Nunguni, katika Ukambani, *nzama* kwa Kikamba ni baraza la wazee, waamuzi wa mashauri ya watu. Sauti zaafikiana, kama *njia* na *nzĩa*. Yaelekea maneno haya ni ndugu. Basi mzee asemaye kwa Kiswahili, "Tulikaa njama," huenda ametaja baraza, naye karani akaandika ungamo la hila. Mfasiri na apime kwanza: je, kikao kilikuwa cha siri, na nia yake ilikuwa mbaya? Neno peke yake halimtii mtu hatiani.