Anasa Bila Ngozi

Tumpe mbunifu wa mavazi Stella McCartney pongezi zake angali kazini. Binti huyu wa Paul na Linda McCartney, wazazi walioacha kula nyama, alijifunza kukata suti kwa Edward Sexton, fundi bingwa wa Savile Row, London. Ndiyo maana koti lake humkaa mvaaji sawasawa mabegani. Tangu aanzishe nembo yake mwaka 2001, hajatumia ngozi ya mnyama, yenye manyoya wala isiyo na manyoya. Utazame mkoba wake wa Falabella: mnyororo wa chuma umezunguka kingo, na hakuna kipande cha ngozi. Ameonyesha kwa vitendo kwamba nguo ya kifahari haihitaji mnyama achinjwe. Hongera sana, fundi!